Wimbo Niliouokota Matangani Adu

Ninyi mnaoniuliza kwa nini Sikukuu ya Mavuno ikifika nakimbilia benchi la nyuma kabisa, leo nitawaeleza, na mkishamaliza kucheka naomba mnirudishie heshima kidogo, maana siku ile iliniishia yote. Nilifungwa leso kiunoni mbele ya madhabahu. Nikakata kiuno mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya mgeni mkubwa kutoka Mombasa, mbele ya mama mwenye nyumba niliyopanga (ambaye mpaka nahama hakuweza tena kunitazama bila kuuma mdomo), na muda wote huo mimi nilikuwa na hakika kwamba mbingu zimefunguka. Msianze kucheka sasa, bado hatujafika.

Ilikuwa miaka ya themanini. Mimi ni mtu wa Murang'a, nilikuwa nimeteremka pwani kutafuta kazi nikaipata katika hoteli moja ya watalii pale Malindi, kazi ya kupiga pasi mashuka, na nilikuwa nimepanga chumba Muyeye, mtaa uliojaa watu wa bara kama mimi, wapishi, walinzi, wauza mitumba, kila mtu na kabila lake na kila mtu na redio yake. Kanisa letu lilikuwa hapo hapo Muyeye, kuta za udongo na paa la makuti. Nilichaguliwa mwalimu wa kwaya kwa sababu moja tu, kwamba nikiimba chumba cha dobi wapishi wananisikia jikoni, na wakati ule hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha kipaji.

Sasa kwaya yenyewe. Tulikuwa tunaimba nyimbo za kitabuni, zile zilizoletwa na wamishonari zamani, moja baada ya nyingine, polepole, mikono imenyooka ubavuni, tunaimba habari za theluji huku jasho linatutiririka mpaka viatuni. Sizidharau, nimekuzwa nazo, lakini kuna Jumapili moja nilisinzia katikati ya ubeti na mimi ndiye niliyekuwa naongoza. (Nilizinduka waumini wamefika "Amina".)

Aliyeniharibu ni Mutua. Mutua alikuwa mtunza bustani pale hotelini, Mkamba mrefu mwenye mikono isiyotulia, naye pia mwanakwaya, sauti ya nne. Siku moja akaingia chumba cha dobi ameipakata redio kaseti kifuani, akaniambia, "Mwalimu, acha pasi, sikiza." Nami nikasikiza, ila pasi sikuirudisha mahali pake. Ilikuwa kwaya ya mbali, sijui hata ya wapi, na walikuwa na ngoma, walikuwa na kayamba, mama mmoja anaita na wenzake wanamdaka kabla hajamaliza, sauti nzito za wanaume zinaingia kutoka chini, na yote hayo wanamsifu Mungu, jina la Yesu lile lile ninalolijua tangu utoto, lakini sasa limesimama na linatembea! Nywele zilinisimama. Nilicheka peke yangu, nikapiga makofi, nikamwambia Mutua rudisha, rudisha tena, kumbe Mungu anaweza kuimbiwa hivi na wala hajakasirika, na tulipokuja kunusa moshi shuka la mgeni lilikuwa na alama ya pasi katikati, nyeusi, umbo kamili hata ncha yake. Nilikaripiwa mchana kutwa na sikusikia neno hata moja, kichwani kayamba zilikuwa zinapiga.

Jioni ile ile nikaenda kwa Mzee Kazungu. Huyu alikuwa mkuu wa wazee wa kanisa letu, Mgiriama, mwalimu wa shule aliyestaafu, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo hata katika joto la Januari, mtu ambaye hakuna muumini aliyewahi kuyaona meno yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya ngoma." (Muyeye hiyo, maneno yako hufika kabla yako.)

"Ngoma moja tu, mzee. Na kayamba. Za kumsifu Mungu."

"Mwanangu, mimi ngoma nazijua kuliko wewe. Nimezaliwa nazo. Siku niliyobatizwa niliambiwa niziache na nisigeuke nyuma, nami sikugeuka. Leo wewe wataka niziingize kanisani kwa mlango wa mbele?"

Nilimbembeleza mpaka mkewe akatuletea chai, tukanywa, nikambembeleza tena. Nadhani alichoka. Akaniambia kwamba Sikukuu ya Mavuno atakuja Mwangalizi, yaani yule kiongozi anayesimamia makanisa yetu yote ya pwani na anayekaa Mombasa, na siku hiyo nitaruhusiwa wimbo mmoja wenye ngoma. "Lakini usiniletee ya kaseti. Kama mnataka upya, basi uwe upya wenu. Mwangalizi akifurahi, ngoma itakaa. Akikunja uso, ngoma itatoka nje, na kwaya utampa mtu mwingine, na tutarudi kitabuni tusiondoke tena."

Nilitoka pale miguu haigusi ardhi. Sikuwa na wimbo wowote, lakini hilo niliona ni jambo dogo.

Kutunga wimbo, ndugu zangu, si sawa na kupiga pasi. Kila nilichotunga kilitoka wimbo wa kitabuni uliovaa kofia, na nikikaza sana kinatoka kile tulichokuwa tunaimba tukichuma kahawa kwetu Murang'a, mpaka Mutua akaniambia, "Mwalimu, hii nikiisikia naanza kutafuta kikapu." Mavuno yanakaribia, Mutua ameshawamba ngoma yake, ngozi inalia vizuri kabisa, na sisi hatuna cha kuipigia. Nilianza kukosa usingizi. Niliona tunarudi kwenye theluji yetu, na safari hii moja kwa moja.

Ndipo babu yake Kadzo akafariki. Kadzo alikuwa dada wa Kigiriama, muuza viazi karai, na ndiye aliyekuwa sauti yetu bora ya kwanza, mpole, mcheshi, mtu wa adabu zake. Babu yake alikuwa mzee wa Adu, ameishi mpaka vitukuu wake wakaanza kuoa. Kwaya ikaenda kutoa pole. Tukavuka mto Sabaki, tukafika Adu, nyumba katikati ya mahindi na mihogo, watu wengi ajabu, sisi tukawekwa upande wa wanaume. Tukaimba nyimbo zetu za huzuni, tukapewa sima na nyama ya mbuzi, tukatulia.

Kisha wanawake wakaanza kuimba nyuma ya nyumba.

Sijui niwaelezeje. Mama mmoja alikuwa anaita, sauti inapanda kama mtu anayeuliza swali, inafika pale unapodhani itageuka halafu haigeuki, inapanda tena, na wengine wanamjibu kwa mkato, wote pamoja, na miguu inapiga chini, na kuna kitu kinatetema chini yake sijui ni chungu sijui ni nini. Tonge la sima lilibaki mkononi mwangu. Kila jibu likiisha zilisikika sauti kali za kina mama, nami nikawaza, maskini, wanalia mpaka sauti zinageuka. Wazee walioketi karibu nami walikuwa wameinamisha vichwa na mabega yanawatikisika, nikazidi kuhuzunika. (Walikuwa wanacheka. Wote walikuwa wanacheka. Lakini kwetu Murang'a mtu akifa tunanyamaza, tunaimba cha kitabuni, tunazika, tunakwenda nyumbani, mimi ningejuaje?)

Hapo ndipo ningeuliza. Mtu mmoja tu, swali moja tu, ndugu, wanaimba nini hawa? Lakini niliogopa nikifungua mdomo kuongea ile tuni itanitoka, kwa hiyo niliamua kunyamaza na kuivumisha puani, na nikaivumisha njia nzima kutoka Adu mpaka Muyeye, watu wananisalimu naitikia kwa kichwa, Mutua ananiuliza kama naumwa jino. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo. Mdogo, si ndiyo?

Maneno yao sikuyajua, Kigiriama changu wakati ule kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo nikaweka ya kwangu, ya mavuno. Mimi naita, "Bwana, umetupa nini?" na kwaya inajibu, "Umetupa mvua!" Naita tena, wanajibu, "Umetupa mahindi!" na hivyo hivyo, mihogo, nazi, korosho, kila kitu kinachoota kati ya Kilifi na Adu. Nilijiona mtunzi mkubwa.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilipoitoa ile sauti ya kuita, Kadzo aliangusha kitabu.

"Mwalimu," akasema, "nyimbo hii umeitoa wapi?"

"Kwenu, Adu. Ni zawadi ya babu yako kwa kanisa."

Akajifunika uso kwa leso, akakaa humo kitambo. Alipotoka macho yalikuwa yamelowa. "Mwalimu, nyimbo hii kwetu yaimbwa na kina mama. Kina mama watu wazima. Tena kwa siku maalumu."

"Basi na sisi tutaiimba siku maalumu."

"Lakini, Mwalimu..."

"Kadzo. Sauti ya kwanza, tayari?"

Wanakwaya wengine wote walikuwa watu wa bara, hawakujua lolote, walikuwa wanaimba kwa raha zao. Kadzo peke yake ndiye aliyekuwa anaimba na pindo la leso mdomoni, na tulipofika kwenye mihogo alikuwa anageukia ukuta. Mimi nikawaambia wengine, "Mtazameni Kadzo, huyo ndiye anayeimba kwa moyo, mpaka anatoa machozi." Baadaye alinieleza kwamba alitafuta kila njia ya kuniambia, lakini maneno yale mwanamke wa heshima hawezi kumtamkia mwanamume, sembuse mwalimu wake, sembuse kanisani, na kuniambia nusu nusu ilikuwa haimsaidii kitu kwa sababu nusu yenyewe sikuwa naisikiliza.

Na mazoezi yalikuwa matamu, jamani! Mutua akipiga, watoto wa mtaani wanaacha mpira wanakuja dirishani. Mpishi mmoja wa hotelini, mtu wa Kisii, akaleta mchi na sinia. Tulikuwa tunaimba mpaka mwenye kioski jirani anafunga mapema aje asikilize, na nilikuwa nikirudi chumbani nacheka njiani peke yangu kwa furaha ya kuwa hai. Nasema ukweli wangu, sijawahi kuwa na raha kama ya wiki zile.

Siku ikafika. Kanisa tulilipamba kwa makuti mabichi, mbele ya madhabahu mazao yamerundikwa, mahindi, mihogo, madafu, na jogoo mmoja mwekundu amefungwa miguu. Sisi kwaya tumevaa majoho yaliyoshonwa kwa mapazia ya zamani ya hoteli, yale ya maua makubwa. Mwangalizi alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa, mtu mnene mwenye sura ya upole, mtu wa bara vile vile, na Mzee Kazungu pembeni yake, kifungo cha shingo mahali pake.

Kumbe Mzee Kazungu alikuwa amewaalika waumini wa Adu waje kumwona Mwangalizi. Ibada imeanza tu, lori likasimama nje, wakateremka kina mama na leso zao na mafungu ya korosho kichwani, wanaongozwa na Mama Kache, mkuu wa wanawake wa kanisa la Adu, mama mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Wakaja wakakaa mabenchi ya mbele. Kadzo akanishika mkono wa joho.

"Mwalimu, nakuomba. Tuimbe ya kitabuni."

"Kadzo, hofu ni ya shetani," nikamwambia. (Neno hilo hunirudia mpaka leo nikinyoa ndevu.)

Mutua akapiga ngoma. Nikaita, "Bwana, umetupa nini?" na kwaya ikajibu, mvua, na hapo hapo vichwa vyote vya Adu vikainuka kwa pamoja. Nikasema moyoni, wameguswa. Nikaita tena. Mama mmoja akamlalia jirani yake mapajani. Mzee Kazungu alikuwa ameinua macho anayachunguza makuti ya paa kwa makini sana, kuti moja baada ya jingine. Nikaita mara ya tatu, kigelegele kikapasuka, na nikaona machozi, machozi ya kweli yanawatoka kina mama wa Adu, mpaka kifua changu kikajaa, nikateremka jukwaani nikafungua mikono yote miwili na nikasema kwa sauti ile inayofika jikoni:

"Ndugu zetu wa Adu, itikieni!"

Wakaitikia. Lakini si mvua wala si mahindi. Waliitikia lile jibu lenyewe, kwa Kigiriama, wote kwa sauti moja, na miguu ikashuka sakafuni pamoja, na naapa kwamba hata leo pamoja na aibu yote sijasikia kitu kizuri kama kile ndani ya kanisa lolote. Mama Kache akainuka akaenda mpaka kwa Mutua, akamwambia, "Hivyo sivyo, mwanangu, lete," akamnyang'anya ngoma, akaibana magotini, akaipiga inavyopigwa. Kuta zilitikisika. Wanaume wa Kigiriama waliokuwa mle ndani wakaanza kutoka nje mmoja mmoja wamefunika midomo, nami nikafikiri wanakwenda kuwaita wenzao.

Sasa, kwa desturi yao, anayeuita wimbo ule hafai kusimama mkavu. Anafungwa leso na kuingizwa katikati, aonyeshe kwamba hakuuanza bure. Mimi sikujua desturi, nilichoona ni kina mama wawili wanakuja wananitabasamia na leso imekunjuliwa, nikajua nimeheshimiwa, nikanyanyua mikono nikafungwa. Nikakata kiuno. Joho la pazia, leso juu yake, macho nimefumba, na bado naita, "Umetupa nini?" na wao wananijibu kitu ambacho Mungu peke yake alikuwa amenisamehe.

Nilipofumbua macho Mwangalizi alikuwa amesimama. "Haleluya!" akapiga ukelele, akaja katikati, nao hawakumbagua, wakamfunga leso na yeye. Mtu mnene yule alijua kucheza! Akasema, "Rudieni!" tukarudia toka mwanzo. Na mara ya pili sikio lake likawa limeshalinasa lile jibu, na akaanza kulitamka mwenyewe, kwa Kigiriama, kwa sauti yake ya mahubiri, neno kwa neno, mkono mmoja juu. Mama mmoja wa Adu aliangukia rundo la mahindi. Kamba ya jogoo ikakatika, jogoo akaruka juu ya meza ya Bwana, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumkamata.

Wimbo ulipokwisha Mwangalizi alikuwa analoa jasho, anahema, uso unang'aa. Akasema, "Miaka yote ya utumishi wangu sijasikia wimbo kama huu. Nataka uende Mombasa. Nataka makanisa yetu yote ya pwani yauimbe, na jibu lile la Kigiriama libaki hivyo hivyo, msiliguse." Kisha akageuka. "Mzee Kazungu, lugha ni ya kwenu. Simama ututafsirie. Tulikuwa tunasema nini?"

Hapo ndipo Kadzo, masikini, adabu ikamshinda, akaja nyuma yangu akaninong'oneza sikioni maana ya lile jibu. Maneno machache tu. Leso ilikuwa bado kiunoni. Moyoni nikaiona ngoma inatoka mlangoni, nami nyuma yake, na kwaya yangu mikono ubavuni inaanza theluji.

Mzee Kazungu akasimama. Mtu yule hakuwa na historia ya kusema uongo. Akafungua mdomo, akaufunga. Mdomo wa chini ukaanza kumtetemeka, nami nikafikiri ni hasira, nikafumba macho. Nikasikia sauti ya ajabu, mkwaruzo, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Nikafumbua. Mzee Kazungu alikuwa anacheka. Meno yake yote nje! Alicheka mpaka akashika meza, akafungua kifungo cha shingo, akaomba maji.

"Mwangalizi," akasema alipopata pumzi, "maneno yale mimi siwezi kuyasema hapa, na hata kwingine ningetafuta kwanza pa kujificha. Ni ya kumtania mzee aliyekufa. Habari zake za chumbani." Kanisa lilipiga kelele. Mwangalizi akainamisha macho akaitazama leso yake. "Kwetu mzee akifa ameshiba siku zake, kina mama hukusanyika nyuma ya nyumba wakamwimbia hivyo, ili mjane acheke, apate kula. Wanaume hatukai karibu, lakini twasikia." Alipoendelea sauti ilikuwa imeshuka. "Alipokufa baba yangu mimi nilikuwa nimebatizwa juzi juzi. Nikaambiwa nisikae penye mambo yale. Nikasimama barabarani peke yangu. Nikamsikia mama yangu akicheka kule nyuma ya nyumba, baada ya kulia kwote kule, na mimi sikuwako. Sijaisikia tena nyimbo hii mpaka leo."

Akavua miwani akaifuta, akajifuta na macho, na mimi sikuweza kujua ni kicheko kile au ni kitu kingine. Mama Kache alikuwa ameinamia ngoma, haipigi.

Mwangalizi akaifungua leso yake polepole, akaikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe, "Ahsante, mama." Akakaa. Akaniangalia.

"Mwalimu wa kwaya. Wewe ulijua?"

"Sikujua, baba. Naapa sikujua."

"Hata mimi," akasema, "na nimelitamka kwa nguvu sana." Halafu tumbo likaanza kutikisika, kicheko kikamtoka, kiti kikalia, na kanisa zima likafunguka, watu wanashikana, Mutua amekaa chini kabisa sakafuni. Alipotulia akamwambia Mzee Kazungu, "Mzee, hapa mwenyeji ni wewe. Ngoma je?"

Mzee Kazungu akanitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. "Ngoma ikae," akasema. "Tuni ikae, na maneno ya mavuno yakae. Lile jibu la Adu lirudi Adu."

"Tutalirudisha wenyewe," akadakia Mama Kache, "lori liko nje."

Baada ya ibada nilikuwa najipenyeza nyuma ya kanisa niondoke bila kuonekana, Mzee Kazungu akaniita. Nikaenda, nikasimama mbele yake nikisubiri karipio langu, maana nilistahili. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Lile jibu la kina mama," akasema, "umelishika?"

"Nimelishika, mzee."

"Lisahau."

"Ndiyo, mzee."

Akaenda zake, mikono nyuma, taratibu, na kabla hajapinda kona ya kanisa nikamsikia anaimba chini chini. Na hayakuwa maneno ya mavuno.

Ule wimbo unaimbwa Muyeye mpaka leo, na ngoma, na kila mwaka kuna mgeni kutoka Adu anayelazimika kutoka nje kidogo. Mimi nasikilizia benchi la nyuma. Na nimejiapia kwamba wimbo ukinipendeza hata nikasahau kula, siuchukui mpaka nimpate mama mmoja wa pale nimwulize ni wa nini, na akianza kucheka kabla hajanijibu, nauacha hapo hapo nilipoukuta.